Wanne katika Kumi

Kura tuliipigia ukumbi wa zimamoto, Opelika,
Jumanne ya Novemba, mwaka elfu mbili,
gari jekundu limesogezwa nje kutupisha.
Nilisimama nyuma ya Weldon, mume wangu,
naitazama shingo yake iliyoungua jua,
shingo niliyoikanda miaka ishirini na sita,
na mkononi karatasi inayoniuliza
kama shingo ile ni halali yangu.

Si kwa maneno hayo. Karatasi za serikali zina adabu.
Iliuliza kama kile kifungu cha zamani,
kinachokataza mweupe na mweusi kuoana,
kifutwe katika katiba ya Alabama.
Ndiyo. Hapana.
Viduara viwili, vidogo kama punje za mtama.

Sheria yenyewe ilikwisha kufa.
Mahakama Kuu iliiua huko Washington
kabla sijapanda ndege, kabla sijajua
kuwa duniani kuna mji uitwao Opelika.
Lakini hawakuizika.
Waliilaza sebuleni, wakaifunika shuka,
nasi tukapita kando yake kwenda jikoni,
tukazaa, tukalipa kodi,
tukajifunza kutoisikia harufu.

Mwaka wa sabini na nne karani alizishika hati zetu
kama mtu aliyeletewa samaki asiye na hakika naye.
Alilitamka jina langu, Mwanamkuu, mara tatu,
na kila mara likavunjika mahali pengine.
Muhuri alikuwa nao mkononi. Akaenda kunywa maji.
Weldon akavua kofia. "Tutangoja," akasema.
Tukangoja hadi adhuhuri.

Wala nisiwasingizie wao peke yao.
Jibu la mama lilifika kutoka Tanga, limekunjwa mara nne,
kwa ubeti, maana mama akikasirika hakuweza nathari:

    Waraka nimeupata, kwa taa nimeusoma,
    Mkono ukanisita, usingizi ukakoma;
    Huyo uliyempata, nduguze wana huruma?
    Siku ukiona tata, rudi, mlango si chuma.

Mlango haukuwa chuma. Baba ndiye aliyekuwa chuma.
Hadi anaingia kaburini hakulitaja jina la Weldon;
alimwita "yule fundi wa majokofu."

Tulishinda. Redio ilisema asubuhi:
karibu sita katika kumi wamekubali.
Weldon akanyanyua kikombe.
"Basi sasa ni halali. Nimtume nani akupose?"
Tukacheka mpaka chai ikamwagika mezani.

Ila mimi ni muuguzi, kuhesabu ndiyo kazi yangu.
Wanne.
Dukani, kwenye foleni, nilihesabu visogo:
mmoja, wawili, watatu, na yule mwenye maziwa na mkate.
Kanisani kwa Weldon, benchi letu huketi watu kumi.
Nikamtazama mwalimu anayemsifu Zuhura wetu,
nikamtazama mwenye gereji anayetukopesha matairi,
nikatafuta wino vidoleni mwao, kana kwamba wino husalia.
Macho yangu mwenyewe yakanichosha.

Jioni nikaenda kwa Bi Earline Stubbs
kumchoma sindano ya sukari, kama kila jioni.
Ana miaka themanini na moja, ngozi nyembamba
kama karatasi ya kufungia mkate.
Akaangalia ukuta.
"Yale maneno ya kwenye kura yalinichanganya," akasema.
"Sijui hata nilitia wino wapi."

Sikumwuliza.
Sindano ile ukishaisukuma, unahesabu hadi kumi
ndipo uichomoe, dawa isirudi nje.
Nilihesabu kwa Kiswahili, kwa sauti.
Kwenye nne nikakwama,
naye akaugeuza uso, akaningoja.

Bakuli lake bado liko kwangu, lile la mapichi,
alilolileta wiki aliyofariki mama.
Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu.
Nimeloweka mchele, nimesaga, nimetia iliki,
na Weldon anachungulia akiuliza ni vya nani.
Vitumbua sita nimekwisha kuvipanga bakulini.
Vinne bado vimo chumani, vinaiva polepole.